Mkanda Si Mali ya Bendi

Gitaa la bendi lina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe si yule anayelipiga. Wapenzi wa muziki wa dansi hapa Tanzania wanalijua jambo hili hata kama hawajawahi kulisema. NUTA Jazz ilizaliwa mwaka 1964 mikononi mwa chama cha wafanyakazi. Ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na siku hizi tunaiita Msondo tu. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi, shirika la mabasi ya Dar es Salaam nalo halikutaka kupitwa. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndipo jina likaanza kutanguliwa na DDC. Wanamuziki walikuwa waajiriwa na ala zilikuwa za mwajiri, kama tarishi na baiskeli ya ofisi.

Mwimbaji hali hiyo haikumsumbua sana. Muhidin Maalim Gurumo alitoka bendi ya wafanyakazi akaingia Mlimani Park, akatoka huko akaingia Safari Sound, hatimaye akarejea Msondo, na kote huko chombo chake alikibeba kooni. Mpiga gitaa akihama ilibidi avue gitaa, aliegemeze kwenye spika, atoke na kichwa kilichojaa nyimbo na mikono mitupu.

Leo bendi nyingi ni za watu binafsi, lakini stoo ipo palepale na ufunguo hauko kwa mpigaji. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, anapiga solo katika bendi ya namna hiyo. Nilipotaka kumpa zawadi, sikuwa na mengi ya kuchagua. Gitaa sina uwezo nalo. Nyuzi hukatika. Noti ya kumbandika kwenye paji la uso katikati ya wimbo ni heshima, sikatai, ila huishia kwenye chipsi kabla ya adhana ya alfajiri. Nilitaka kitu kinachokaa kati ya mtu na ala yake, kitu kinachoweza kuvuliwa kwenye gitaa la tajiri usiku wa manane kikakunjwa na kwenda nyumbani na mwenyewe. Kitu hicho ni kimoja tu.

Mkanda unadharauliwa. Mpigaji atakueleza gitaa lake limetoka nchi gani, ni la mti gani, sumaku zake zikoje. Muulize mkanda aliununua wapi, atakutazama tu. Lakini gitaa la umeme la mbao ngumu lina kilo 3.5 hadi 4, mengine hupita hapo, na dansi likianza saa tatu usiku haliishi kabla ya saa nane. Uzito wote huo unaning'inia kwenye bega moja. Mkanda mwembamba wa nailoni unauma karibu na shingo, tena unateleza kwenye shati, kwa hiyo mkono wa kushoto, ambao kazi yake ni kubonyeza nyuzi, unaanza kubeba mzigo ili shingo ya gitaa isiporomoke. Na matundu yake yakishalegea, ipo siku gitaa litakwenda sakafuni katikati ya wimbo, na mwenye gitaa atataka kujua nani analipa.

Basi nikaamua uwe wa ngozi, mpana sentimita 6 na nusu, wenye nakshi ya mkono.

Si kila ngozi inakubali nakshi. Ngozi nyingi tunazozishika kila siku, za mikoba, za makochi, za viatu vya ofisini, zimesindikwa kwa chumvi za kromu. Njia hiyo ilipata hataza Marekani mwaka 1884 kwa jina la Augustus Schultz, mkemia wa New York, na kazi iliyokuwa ikichukua wiki na miezi ikaanza kuisha kwa siku moja au mbili. Ngozi ya kromu ni laini, haiogopi mvua, ina rangi zote unazotaka. Ila igonge kwa chuma chenye ua: alama inatokea, inapumua, inaondoka. Haishiki jambo.

Ngozi ya magome inashika. Maji ya magome yana tanini, na tanini hiyo hujishikiza kwenye nyuzinyuzi za ngozi, ikaizuia kuoza na kuiachia ugumu fulani wa kiungwana. Iloweshe kidogo, ikunje, ikandamize; ikikauka inabaki ulivyoiacha. Watu wa pwani wanayajua magome haya tangu zamani, kwani mkandaa na mikoko mingine ina tanini nyingi, na enzi za Wajerumani magome ya mikoko yalivunwa Rufiji na kupakiwa melini kwenda Ulaya kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Kisha ikaja miwati, miti ya asili ya Australia, ikapandwa katika nyanda za juu. Njombe ina kampuni ya miwati tangu mwaka 1949, na msafiri anayepita huko huona mashamba yake yamefunika vilima. Gome la mti wa Australia uliooteshwa Njombe, linaloigeuza ngozi ya ng'ombe wa Shinyanga kuwa kitu cha kuchorwa maua: ukikaa ukalifikiria hilo, kipande cha ngozi kilicho mezani kinakuwa na safari ndefu kuliko ya mwanamuziki yeyote.

Ng'ombe wetu hawafi na ngozi safi. Kupe wameacha vitone, miiba imeacha mistari, mfugaji ameweka chapa ya moto ubavuni, na mchunaji mwenye haraka amepitisha kisu pasipotakiwa. Wenye viwanda hulalamikia mambo haya kila mwaka, na kwa hesabu zao wana haki. Fundi wa mkanda mmoja ana uhuru ambao kiwanda hakina. Anaitandaza ngozi sakafuni, anaizunguka, anaisoma. Sehemu ya tumbo anaiacha, kwa sababu hutanuka, na mkanda uliokatwa tumboni utashuka siku hadi siku mpaka gitaa lifike magotini. Anakata sambamba na uti wa mgongo, palipokazana. Kovu dogo la mwiba lililopona vizuri anaweza kulipitisha mahali pa kuonekana, akitaka. Mimi nililipitisha. Huyu ng'ombe naye alikuwa na maisha yake.

Vipimo vilitoka kwa dada. Usiku mmoja shemeji akiwa amelala alitandaza ule mkanda wa zamani juu ya kitanda, akaupima kwa futi ya fundi cherehani, akanitumia namba kwa simu. Lakini urefu wa mkanda wa zamani ni urefu ambao mtu amejizoesha kwa kukosa mwingine. Nilikwenda ukumbini kumtazama akipiga. Wapiga solo wa kwetu wengi huliweka gitaa juu, karibu na kifua, kwa sababu kazi yao kubwa iko kwenye sauti nyembamba, pale shingo inapokutana na mwili wa gitaa, na vidole vinahitaji kufika huko bila kupinda kifundo cha mkono. Yeye alikuwa ameinua bega ili kulisogeza gitaa juu. Aliliinua hivyo usiku kucha, na wala hajui kama anafanya hivyo. Nikapunguza sentimita kadhaa katika zile za dada.

Sasa nakshi. Ngozi haitumbukizwi majini. Unapitisha sponji yenye maji pande zote mbili, halafu unasubiri. Inakolea, inakuwa kahawia nzito, kisha polepole inaanza kurudia rangi yake, ingawa ukiigusa kwa shavu bado ina ubaridi. Hapo ndipo. Ukiwahi, maji yanatoka chini ya chuma na alama inajifuta. Ukichelewa, chuma kinaruka. Nyuma yake umeshabandika utepe mpana wa gundi, maana ngozi inayogongwa hutambaa, na ua ulilolipima duara linaweza kuishia kuwa yai. Chini ya yote kuna bamba zito la jiwe. Wanaotengeneza meza za jikoni za mawe huwa na mabaki ya marumaru nene wasiyojua wayapeleke wapi. Kwa kazi hii ni hazina.

Kisu chake ni kifupi, kinashikwa wima. Kidole cha shahada kinakaa juu kwenye kiti kidogo kilichopinda, na vidole vingine vinauzungusha mwili wa kisu ili makali yafuate mkunjo wa shina na jani. Hakikati hadi chini. Kinaishia kwenye theluthi au nusu ya unene. Baada ya kisu unachukua chuma chenye uso wa mshazari, unakiweka ndani ya mkato, unagonga kwa nyundo ya mbao, unasogea kidogo sana, unagonga tena. Nyundo ya chuma haifai, inavifumua vichwa vya vyuma vyenyewe. Upande mmoja wa mkato unashuka, wa pili unabaki juu, na ghafla kile kilichokuwa mstari kinakuwa ukingo wa jani.

Hapa ndipo ninapoipenda kazi hii kuliko zote nilizowahi kuzitazama. Ua halichongwi. Mchonga milango wa Unguja au wa Lamu hufagia maganda jioni. Ua lake limetokea kwenye ubao kwa sababu sehemu nyingine ya ubao imetupwa. Kwenye ngozi hakuna cha kufagia. Petali inaonekana imeinuka, lakini haijasogea hata unywele. Aliyesogea ni jirani yake, amekandamizwa. Mtu akikutazama kwa mbali anadhani unashughulika na ua, kumbe muda wote unagonga pasipo na ua. Na kila unapogonga, kama maji yalikuwa ya kiasi, ngozi inakolea yenyewe pale pale, bila rangi, ikakuwekea kivuli ambacho mchoraji angekitafuta kwa penseli.

Kwa mkanda wa gitaa, nakshi ya namna hii ina nasaba yake. Ngozi za Córdoba zilisifika tangu Waislamu walipotawala Hispania ya kusini; Wahispania wakavuka bahari na ufundi huo hadi Meksiko, ukakaa kwenye matandiko ya farasi, kisha ukapanda kaskazini kwa wachunga ng'ombe wa Marekani. Huko, katika mji wa Sheridan, jimbo la Wyoming, fundi wa matandiko aitwaye Don King aliupa sura ambayo hadi leo hujulikana kwa jina la mji huo: maua madogo mengi, yamebanana, kila moja limezungukwa na shina linalojikunja duara. Kutoka kwenye farasi hadi kwenye gitaa haikuwa mbali, kwa sababu waimbaji wa muziki wa country walivaa na kujipamba kwa mavazi ya hao hao wachunga ng'ombe. Elvis Presley alilivika gitaa lake koti la ngozi lenye jina lake. Waylon Jennings alipewa na wanabendi wenzake gitaa la Fender Telecaster la mwaka 1953, lililokwisha kutumika, nao wakalifunika kwa ngozi nyeusi yenye maua meupe. Likawa sura yake maisha yake yote. Kati ya hadithi hizo mbili naipenda ya pili. Kuandikiwa jina lako kwa herufi za ngozi ni jambo moja. Wenzako unaogawana nao mapato ya mlangoni kuchanga ili wakuvishe gitaa, hilo ni jambo jingine.

Maua ya Sheridan ni mazuri, nayo yana vitabu na wanafunzi dunia nzima. Sikuyachukua. Pwani yetu haikuwa ngeni kwa ngozi ya nakshi: mji wa Siyu, kisiwani Pate, ulisifika kwa mafundi wa ngozi na kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono, na makubadhi yenye urembo wa kugongwa bado yapo miguuni mwa wazee wanaokwenda sala ya Ijumaa. Nikafuata nakshi za milango ya Mji Mkongwe. Mnyororo unaouzunguka mwimo wa mlango ukawa ukingo wa mkanda, juu na chini. Katikati nikapanga maua ya duara yanayokaa kwenye mfaa. Mlango una urefu na mkanda una urefu, na kiasi hicho cha undugu kilinitosha. Marudio ya mnyororo yanachosha kuyagonga, sitasema uongo. Kiungo baada ya kiungo, mita nzima na zaidi, na kila kimoja kinadai uzito uleule wa nyundo, maana jicho litasamehe ua lililopinda lakini litakikuta kiungo kimoja kilichozama kuliko wenzake.

Rangi nyeusi ya kingo niliipata kwenye siki. Weka misumari yenye kutu ndani ya chupa ya siki, iache siku kadhaa hadi siki iile chuma, uichuje, kisha upake kwa brashi nyembamba. Inapopakwa karibu haina rangi. Kabla hujageuka, ngozi inaanza kuwa kijivu, halafu buluu ya usiku, halafu nyeusi. Chuma kimekutana na tanini ya magome. Kwenye ngozi ya kromu hakitokei chochote. Unamalizia kwa kupangusa na maji yenye magadi kidogo ili kuizima siki. Uzuri wa weusi huu ni kwamba haukai juu ya ngozi, umo ndani yake, na mtu anayetoa jasho kwa saa tano chini ya taa za jukwaa akiwa na shati jeupe ana haki ya kujali tofauti hiyo. Dada yangu ndiye anayefua.

Upande wa ndani niliweka ngozi ya mbuzi, ule uso wake wa nyama ukitazama nje, kwa kuwa una ukwaru mwepesi unaoshika kitambaa. Ngozi mbili hizo zilihitaji kushonwa kuzunguka mkanda wote, na kushona ndiko kulikochukua muda mrefu kuliko nakshi. Uzi ni mmoja, wa kitani, umevutwa mara kadhaa juu ya nta ya nyuki ya Tabora; sindano ni mbili, butu, moja kila mwisho wa uzi. Msharasi unatoboa, sindano ya kulia inapita, ya kushoto inapita katika tundu hilo hilo ikitokea upande wa pili, unavuta mikono yote miwili kwa pamoja. Cherehani haifanyi hivi. Cherehani ina nyuzi mbili zinazoshikana katikati ya ngozi, moja ya juu na moja ya chini, na moja ikikatika mshono huanza kufumuka. Mshono wa sindano mbili ukikatika upande mmoja, upande wa pili bado umepita katika kila tundu. Mafundi viatu wa zamani wanaujua. Vijana wao wengi wanatumia gundi, na siwalaumu, wateja hawataki kulipia kitu wasichokiona.

Matundu ya mwisho yaliniumiza kichwa. Tundu la kishikizo linatakiwa liwe dogo kiasi cha kumfanya mpigaji alaani anapolivalisha mara ya kwanza. Juu yake unapasua mfereji mfupi ili kichwa cha kishikizo kipite, na mwisho wa mfereji huo unatoboa kitundu kingine kidogo kabisa, cha mviringo, ambacho hakina kazi yoyote ila kuuzuia mpasuko usiendelee. Kimefichwa na chuma cha gitaa, wala hakuna atakayekiona, na bila hicho, mita nzima ya milango ya Mji Mkongwe ingechanika pale pale.

Kingo nikazipiga msasa, nikazilowesha, nikazisugua kwa kipande cha mti mpaka zikafunga na kung'aa. Mafuta kidogo, nta kidogo. Halafu nikaukunja kwenye gazeti, kwa sababu karatasi za maua za zawadi zilionekana kama ushindani.

Shemeji aliufungua sebuleni, watoto wamemzunguka. Nakshi hakuitazama kwanza. Alishika ncha zote mbili, akakanyaga katikati, akavuta kwa nguvu zake zote. Kisha akaingiza kidole kwenye tundu la kishikizo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Baada ya hapo ndipo akageuza, akapitisha kidole gumba juu ya mnyororo, kiungo kwa kiungo, hadi alipolifikia lile kovu la mwiba, akalirudia mara mbili.

"Shemeji, huu ni wa bendi au wangu?"

"Wako, shemeji."

"Mbona hujaandika jina?"

Nikamweleza. Kwamba jina kwa mbele ni kujitangaza, kwamba ua linatosha kumtambulisha, na kwamba hata ningetaka sasa, ngozi ikishakunywa mafuta na nta haipokei maji vizuri, na bila maji chuma hakiandiki. Alinisikiliza kwa adabu zote anazostahili kaka wa mke. Kisha akamwambia bintiye alete kalamu ya shule, akaugeuza mkanda upande wa ngozi ya mbuzi, akaandika jina lake kamili kwa herufi kubwa na namba zake za simu, zote mbili.

"Sasa waje waseme ni wa stoo," akasema.

Wiki iliyofuata mpiga besi wa bendi hiyo alinipigia simu. Gitaa lake ni zito kuliko la solo, bega linamwuma, alitaka kujua bei. Nikamwambia ule haukuuzwa, ni zawadi ya shemeji. Akafikiri kidogo, akaniuliza kama nina dada mwingine.